Mvua ibaki nje, hewa iingie ndani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, wakati wa mvua ukifika katika Haut-Katanga na Lualaba, kazi ya kwanza katika kampo zetu ni ile ile kila mwaka. Upepo unapiga, mvua inaingia kwa pembeni, kitanda cha watoto kinalowa. Kesho yake baba anapanda ngazi. Anachukua mifuko ya simenti, vitambaa vya zamani na vipande vya plastiki, anaziba matundu yote yaliyo kati ya ukuta na paa. Anapigilia bashi kwenye dirisha. Chini ya mlango anaweka gunia. Jioni anakaa na kufurahi: hakuna tone linaloingia.

Tunakuuliza: na hewa, itapita wapi?

Maji na hewa si kitu kimoja. Maji yanaanguka, hewa inazunguka. Fundi anayejua kazi yake anazuia maji bila kufunga hewa. Mtu anayeziba kila tundu amefanya kazi ya haraka, na nyumba yake sasa ina hatari kubwa kuliko ilivyokuwa siku ilipovuja. Wengine wataona maneno haya ni makali. Tutaeleza sababu zake.

Wewe unayeshuka shimoni unajua jambo hili kuliko mtu mwingine. Katika mgodi wa Kipushi, maji ni adui wa kila siku. Mwaka 2011 pampu zilishindwa, maji yakapanda, sehemu za chini za mgodi zikazama, na kuyatoa kulichukua miaka. Je, kuna mtu aliyesema: tuzibe njia za hewa ili maji yasije? Hapana. Pampu zinashughulika na maji, ventilatera zinashughulika na hewa, na kila kitu kina njia yake. Tena unajua sheria ya baruti. Mkishalipua, hakuna anayerudi mbele mpaka hewa mbaya imesukumwa nje na mkubwa wa usalama ametoa ruhusa. Kapita akikuambia uingie mapema, unakataa, na una haki.

Basi mtu huyo huyo, anayekataa kuingia katika njia ya shimo isiyo na hewa, anafika nyumbani usiku wa mvua, anafunga mlango, anaweka mbabula kati ya meza na kitanda, na analala.

Tuseme wazi juu ya mbabula. Makala yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha yanatoa gazi ambalo waganga wanaliita monoksidi ya kaboni. Gazi hili halina rangi, halina harufu, halichomi macho, wala halimfanyi mtu akohoe. Ni moja ya yale mnayoyakimbia shimoni baada ya baruti. Watu wengi wanasema: makala yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, mbabula inaweza kuingia. Ni kinyume chake. Moshi wa mwanzo unakufukuza, na hilo ni jambo jema. Makala mekundu hayakufukuzi. Yanakupa joto, yanakupa usingizi, na gazi linaendelea kutoka wakati wewe unafikiri hatari imepita.

Ndani ya damu kuna kitu chekundu kinachobeba oksijeni toka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Monoksidi ya kaboni inakishika kitu hicho kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ni kama lori lililokwisha kupakiwa mawe: shaba haina tena nafasi. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu.

Dalili zake zinadanganya. Kichwa kinauma, miguu inakosa nguvu, moyo unachafuka, mtu anatapika, anaona kizunguzungu. Katika nchi yetu kila mtu atasema: ni malaria. Mama anatoa kidonge, anamfunika mtoto vizuri, anamrudisha katika chumba kile kile chenye mbabula. Kwa hiyo angalia mambo matatu. Je, watu wawili au watatu wa nyumba wameugua kwa saa moja? Je, mwili hauna homa? Je, mgonjwa akikaa nje kwa muda anapata nafuu, na akirudi ndani anaugua tena? Ukiona hivyo, fikiri mbabula kwanza. Lakini usisahau kwamba mtu anaweza kuwa na malaria na gazi pamoja; hospitali ndiyo itakayoamua.

Watoto wadogo na wazee wanaumia mapema. Mama mwenye mimba ana hatari mara mbili, maana gazi linapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni, na mama anaweza kuonekana mzima wakati mtoto ameumia. Tena aliyelala hawezi kujisaidia, kwa kuwa gazi linampata bila kumwamsha. Asubuhi jirani wanavunja mlango na kukuta jamaa nzima imelala kimya. Wengine wataanza kusema uchawi, na watamtafuta bibi mzee wa kumtupia lawama. Na mbabula iliyojaa majivu iko pale pale kando ya kitanda.

Ukimkuta mtu amezirai katika chumba cha namna hiyo, vuta pumzi nje kwanza, kisha ingia haraka, fungua mlango na madirisha, umvute mpaka nje. Usikae ndani kumwuliza maswali. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Vitu hivyo haviondoi gazi katika damu, na mtu aliyezirai vinaweza kumpalia na kumwua. Mpeleke hospitali hata kama amekwisha kuamka na anasema anajisikia vizuri. Kwa hewa ya kawaida, damu inachukua saa 4 au 5 kupunguza gazi hilo kwa nusu tu. Kwa oksijeni ya hospitali, kazi hiyo inafanyika kwa muda wa saa moja hivi au zaidi kidogo. Unapofika, sema neno "mbabula" kabla ya yote. Munganga hawezi kuona gazi kwa macho, naye pia anaona malaria kila siku.

Kuna watu wanaoweka bakuli la maji karibu na mbabula, wakiamini maji yatavuta ubaya. Gazi hili haliingii katika maji kwa kiasi chenye maana. Wengine wanaiweka mbabula sakafuni na kulala kitandani juu, au wanafanya kinyume, wakifikiri gazi linatuama mahali pamoja. Uzito wake unakaribiana na ule wa hewa. Linachanganyika na kujaza chumba chote. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza wachimbaji walishuka na ndege wadogo waitwao kanari, kwa sababu ndege huanguka kabla ya mtu. Walianza kuachana nao mwaka 1986 tu, walipopata vyombo vya kupima gazi. Siku hizi vipo vyombo vidogo vya kuonya hata kwa nyumba, vyenye betri. Ukipata kimoja kilicho kizuri, kinunue. Lakini chombo kinapiga kelele tu, hewa hakileti.

Na tusiisahau grupu, yaani jenereta. Umeme unakatika, mvua inanyesha, mwenye grupu anaogopa italowa. Anaiingiza barazani, au katika ujia wa nyumba, au chini ya dirisha la watoto. Mota ndogo ya petroli inatoa gazi lile lile, na kwa wingi unaopita mbabula. Grupu ikae mbali na nyumba, chini ya kipaa chake chenye pande zilizo wazi, na moshi wake uelekee porini. Kama huwezi kuilinda na mvua isipokuwa ndani ya nyumba, basi usiku huo izime. Taa ya betri inatosha kula chakula.

Sasa tuseme ukweli ambao matangazo ya usalama hayasemi. Juu ya nini watu wanaingiza mbabula ndani? Si kwa ujinga tu. Mama anapika nje siku zote za kiangazi. Siku ya mvua, makala yanazimika, unga unalowa, watoto wana njaa na baba anatoka kazini. Anaingia ndani na mbabula kwa sababu ndani tu ndiko kuna paa. Unaweza kubandika tangazo ukutani: mbabula marufuku ndani. Tangazo halizuii mvua kunyesha juu ya bukari.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kabla ya kununua viti vipya, kabla ya kupaka rangi, jenga kipaa kwa ajili ya mbabula. Ni kazi ya siku moja kwa watu wawili: miti minne, manjanja mawili au matatu hata kama yamekwisha kutumika, misumari, na matofali kidogo. Weka kipaa hicho hatua nne au tano kutoka milango na madirisha. Upande wa mbele uwe mrefu, mama asimame bila kuinama. Upande wa nyuma ushuke, maji yaende mbali na nyumba. Jenga ukuta upande ule tu ambao mvua inatoka, na kati ya ukuta huo na manjanja acha nafasi ya shubiri moja au zaidi moshi upite. Pande nyingine ziache wazi. Inua sakafu kwa tofali moja ili maji ya uwanjani yasifike kwenye makala. Na gunia la makala lipate pa kukaa hapo, juu ya mbao. Makala makavu yanawaka upesi na yanatumika kidogo.

Tunasema jambo hili pia kwa wakubwa wanaosimamia nyumba za wafanyakazi. Mtu wa usalama anakagua kofia, viatu na miwani ya mfanyakazi kila asubuhi, na anafanya vema. Lakini mfanyakazi aliyelala usiku mzima katika chumba chenye gazi anafika kazini na kichwa kizito, anapanda mashine kubwa, na ajali yake itaandikwa kwamba hakuwa makini. Kipaa cha jikoni kinapaswa kuwa katika hesabu ya usalama sawa na kofia. Bei yake si kubwa kupita ile ya siku chache za hospitali.

Na baridi? Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi na Kolwezi unauma, na mbabula inaingia tena hata bila mvua. Hapo jibu ni blanketi, nguo kavu, watoto kulala pamoja, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Makala hapana.

Tuje sasa kwa nyumba isiyo na mbabula, maana hata hiyo haifai kuzibwa. Mtu aliyelala anatoa maji kwa pumzi na kwa ngozi. Kwa usiku mmoja anatoa karibu theluthi ya litri. Watu sita katika chumba kimoja wanatoa litri mbili hivi, bila mtu kumwaga hata kikombe. Maji hayo yanatafuta kitu cha baridi: manjanja ya paa, kioo cha dirisha, ukuta wa nyuma ya kabati. Alfajiri yanageuka matone na kuanguka juu ya blanketi. Baba anaamka na kusema paa linavuja, anapanda tena na kuongeza bashi, na usiku unaofuata matone yanazidi.

Namna ya kutambua si ngumu. Kuvuja kunakuja na mvua, tena mahali pamoja, chini ya msumari au chini ya kiungo. Matone ya pumzi yanakuja alfajiri hata usiku ambao mvua haikunyesha, na yameenea kwenye manjanja yote kama jasho. Ukiona ukuta una madoa meusi kwenye pembe, nguo zina harufu ya ukungu na mtoto anakohoa kila wakati wa mvua, nyumba yako inalowa kwa ndani. Dawa yake ni kufungua.

Kufungua namna gani, na mvua inapiga? Hapa ndipo penye kazi ya fundi, na hapa tunataka usome polepole.

Hewa ya moto inapanda na kutoka juu. Hewa mpya inaingia chini au upande wa pili. Kwa hiyo chumba kinataka matundu ya namna mbili, ya juu karibu na paa, na mengine ya chini au ya ukuta mwingine. Tundu moja pekee linafanya kazi ndogo. Yale ya chini ya paa, ambayo baba aliyaziba kwa mifuko ya simenti, ndiyo ya thamani kuliko yote, kwa sababu paa lenyewe linayafunika. Kama mvua inayafikia, kosa si la tundu. Paa ni fupi. Manjanja yakipita ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, mvua ya kawaida haifiki. Kurefusha paa kwa upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo, kunagharimu manjanja machache. Kama huna fedha ya kufanya hivyo mwaka huu, pigilia ubao mbele ya tundu, umbali wa kiganja kimoja kutoka ukuta, ukiwa wazi chini na juu. Mvua itapiga ubao, hewa itapita nyuma yake.

Dirisha la mbao linalofunguka kama mlango ni baya kwa mvua: ukilifungua kidogo, maji yanaingia. Hamisha bawaba zake, uziweke juu. Sasa dirisha linasukumwa kutoka chini kwenda nje, linashikiliwa kwa kijiti, na lenyewe linakuwa paa dogo. Mvua inateremka juu ya mgongo wake na wewe unapata hewa chini yake. Hatujui kazi nyingine ya nusu saa inayosaidia nyumba kiasi hicho. Kama fundi anakutengenezea dirisha la vibao vilivyolazwa, angalia vielekee chini kwa upande wa nje, na kila kibao kifunike kidogo kile cha chini yake. Tumeona vilivyopigiliwa kinyume, vinapokea mvua kama mikono ya mtu anayeomba.

Tone la maji lina ujanja mmoja: linashika tumbo la ubao na kutembea nalo mpaka ndani. Ndiyo sababu dirisha linaweza kuonekana limefungwa na bado ukuta wa ndani unalowa. Chonga mfereji mdogo chini ya kizingiti kinachotokeza nje, karibu na ukingo. Tone likifika kwenye mfereji linashindwa kuvuka, linaanguka nje. Na uso wa juu wa kizingiti uinamie nje, usiwe sawa kama meza.

Tunajua utasema nini: wezi, na mbu. Ni kweli, na hatutaki kukucheka. Kwa wezi, matundu ya juu yawe mengi na membamba. Sentimita 10 za urefu hazimpitishi mtu, na vyuma viwili vya ujenzi vinalinda dirisha lililo wazi kuliko ubao uliofungwa. Kwa mbu, weka wavu wa waya, au kipande cha chandarua cha zamani kilichonyoshwa na kupigiliwa vizuri, na kioshwe mara kwa mara, kwa kuwa vumbi likijaa hewa inakoma. Na juu ya kitanda chandarua kinabaki pale pale. Kuziba nyumba hakujawahi kumaliza mbu. Wanaingia jioni pamoja na watoto.

Bado kuna paa linalovuja kweli, na hilo linatengenezwa, halifunikwi kwa bashi. Fikiri kidogo: mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita 6 kwa 8 inaleta litri 1,440, karibu mapipa saba ya litri 200. Tundu la msumari mmoja linatosha kuharibu kitanda. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa manjanja, kamwe si katika bonde ambako maji yanapita, na chini ya kichwa chake panawekwa kipande cha mpira, hata wa ndani ya gurudumu la baiskeli. Manjanja ya juu yafunike ya chini kwa sentimita 15 au 20, na zaidi kama paa limelala sana. Kutafuta tundu, mtu mmoja akae ndani mchana milango ikiwa imefungwa, aweke alama ya chaki mahali anapoona nukta ya mwanga. Kama hakuna mwanga, mwaga maji kwa ndoo kuanzia chini ya paa kwenda juu. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali na hutajua tundu liko wapi.

Usipande paa lililolowa. Usikanyage katikati ya manjanja. Kanyaga pale misumari ilipo, maana chini yake kuna mti. Na kama paa lako ni la Eternit ya zamani, ile ya simenti yenye asibesto, usiikate kwa msumeno, usiitoboe, usiisugue kwa brashi. Vumbi lake linaingia mapafuni na kukaa huko miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa. Mwite mtu wa matengenezo.

Hatujasema neno juu ya kifua kikuu, na lazima tulitaje. Ugonjwa huo unapita kwa hewa ya chumba, mtu mmoja akikohoa na wengine wakivuta. Mapafu yaliyokaa miaka mingi katika vumbi la mawe yanashikwa nao upesi kuliko ya watu wengine. Nyumba ya mchimbaji inataka hewa kupita ile ya jirani yake anayeuza dukani. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mtu aende kupimwa, na dirisha lake lisifungwe.

Tumalizie na ndugu zetu madereva. Ulaya kuna watu wanaotembea na magari yenye kitanda na jiko ndani, kwa mapumziko. Wao nao mvua inawasumbua, nao pia wamejaribu kuziba kila tundu, na wamekufa kwa gazi. Kanuni za kutengeneza magari hayo huko zinadai matundu ya kudumu, ya juu na ya chini, ambayo mwenye gari hawezi kuyafunga. Tundu la paa lina kofia, na kifuniko chake kinafunguka kwa nyuma ili mvua ya safari isiingie. Dereva wa lori la shaba katika foleni ya Kasumbalesa hana kofia ya paa, lakini kabini yake ndiyo nyumba yake kwa siku kadhaa, na hewa iliyo ndani yake ni kidogo kuliko ile ya chumba chochote cha kampo. Bwana dereva, usiku wa mvua shusha kioo cha upande usiopigwa na upepo, upana wa vidole viwili, na kile cha upande wa pili kidole kimoja. Kile kipande cha plastiki kinachofungwa juu ya kioo kwa nje kinatosha kuzuia matone, na bei yake ni ndogo. Usilale mota ikiwaka kwa ajili ya joto. Moshi wa lori lako, au wa lile lililo mbele, unaweza kuingia chini ya kiti. Mbabula ya chai ibaki chini barabarani, upande ambao upepo unakwenda, mbali na tangi ya mafuta, na isipandishwe kabini hata kama imebaki majivu tu.